Mfumo wa Shilingi Hamsini

Fausta Machibya hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekalia meza ya wateja katika duka moja la mitambo ya sola pale Majengo, Mpanda, na hapo alishasikia kila balaa. Alishasikia paneli iliyogeuzwa jamvi la kuanikia mpunga, betri iliyofukiwa shambani ili wezi wasiione, na waya ulioliwa na mbuzi siku ya kipaimara. Yote hayo aliyajibu kwa sauti ileile, bila kucheka: kwanza salamu, kisha pole, kisha dawa ya tatizo. Lakini Jumatatu ile ya mwanzo wa Juni, alipofungua ankara kwenye kompyuta ya ofisi, alipiga ukelele mpaka Emelyne, msaidizi wake, akaangusha bisibisi.

"Dada, kuna nini? Nyoka?"

"Afadhali nyoka," Fausta akasema. "Njoo usome wewe. Mimi macho yangu yamekataa."

Emelyne akainama, akasoma. Laki sita, tisini na tisa elfu, mia saba na arobaini. Ilikuwa ankara ya mwezi mmoja. Binti wa watu akasoma tena, safari hii kwa kidole juu ya kioo, halafu akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Ukitaka kujua kwa nini wanawake wawili wazima walikaa wanatazama kompyuta kama waliomwagiwa maji ya baridi, turudi nyuma kidogo, mwezi wa tatu. Wakati huo majibu yote ya duka yalikuwa ndani ya kaunta buku saba za Fausta, zimevalishwa kitenge kimoja. Kila tatizo lilikuwa na ukurasa wake. Taa nyekundu haizimi, ukurasa wa kumi na nne. Betri inajaa mchana, jioni haina kitu, ukurasa wa ishirini. Mafundi walikuwa wanapiga simu toka Karema na Inyonga wakiwa juu ya paa, na Fausta anafunua kurasa huku amebana simu kwa bega.

Mwenye duka, Bwana Gaspar, ni mtu mwema. Ubaya wake ni mmoja tu: akienda Dar es Salaam harudi mikono mitupu, anarudi na neno jipya, na neno hilo likishaingia ofisini lazima kuna mtu atakayelitolea jasho. Mwezi wa tatu alirudi na neno "mfumo". Kuna mifumo ya kompyuta, alisema, inayotunza majibu yote ya wateja mahali pamoja, mtu anaandika swali, jibu linakuja.

"Haya madaftari yakiungua, Fausta, tumekwisha," alisema. "Na wewe ukiugua tumekwisha mara mbili."

Hapo hakukosea. Novemba iliyopita Fausta alilala siku tisa kwa homa ya matumbo, na duka zima likawa kiziwi.

"Nitafutie mifumo mitatu, ulinganishe bei, uniletee karatasi moja. Lakini sikiliza. Ninayo laki na nusu kwa mwezi, basi. Ikizidi hapo, mkataba wa Emelyne unaoisha Juni sitauongeza. Sipendi, ila ndiyo hali."

Neno hilo lilimchoma Fausta. Emelyne alikuwa binti wa Katumba, anajua Kirundi na Kiswahili, na mshahara wake wa laki tatu na nusu ulilisha nyumba ya watu sita. Fausta ndiye aliyemfundisha kazi toka siku ya kwanza, alipokuwa bado anashika paneli kama sinia la pilau. Alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Basi karatasi ile ya bei haikuwa tena karatasi ya bei. Ilikuwa karatasi ya Emelyne.

Alitafuta mifumo mitatu, akaibatiza majina yake mwenyewe. Mfumo wa Dola ulitaka dola arobaini na tisa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Watumiaji wawili, ukigeuza kuwa shilingi, ukaongeza kodi, unapita laki tatu, na hapo mafunzo bado, maana bei ya mafunzo iliandikwa chini kabisa kwa herufi za kumtafutia mtu miwani. Mfumo wa Bure ulikuwa bure kweli, lakini mwisho majibu hamsini, na Fausta alikuwa na majibu mia tatu na arobaini. Akaupiga mstari.

Ukabaki Mfumo wa Hamsini. Huu haukutoza kwa mtu wala kwa mwezi. Ulipewa namba ya simu ya duka, mteja akiandika ujumbe unamjibu wenyewe, papo hapo, na kila swali lilitozwa shilingi hamsini. Kijana anayeuuza alipiga simu toka Dar, sauti tamu utadhani anaposa.

"Dada yangu, hiyo ni bei ya kutupa. Hamsini! Hata pipi hupati."

Fausta akachukua rejista ya simu, akahesabu. Kwa siku alikuwa anapokea maswali arobaini hivi. Kwa mwezi wa siku ishirini na sita za kazi, maswali elfu moja na arobaini. Mara hamsini, elfu hamsini na mbili. Alihesabu mara tatu kwa kalamu na mara moja kwa simu. Kisha akainuka akacheza hatua mbili pale nyuma ya meza.

"Emelyne," alisema, "umepona."

Aprili yote waliitumia kuhamisha madaftari kwenda kwenye mfumo. Kijana wa Dar aliwashauri majibu yawe mafupi. Fausta akamsikiliza kwa adabu, akakata simu, akafanya anavyojua. Alizaliwa Usevya, kule Mpimbwe, na kwao jibu halirushwi kwa mtu ambaye hajasalimiwa. Utamwambiaje mzazi wa watu "zima, washa" kabla hujamuuliza nyumbani kukoje? Basi kila jibu alilianzia kwa salamu. Mfumo unasalimia, unamwita mtu mama au baba kama alivyoandikishwa kwenye orodha ya wateja, unauliza habari za nyumbani, unangoja ajibu, unatoa pole kama kuna la kutolewa pole, ndipo unatoa dawa. Mwisho unaaga. Maneno yote yalikuwa ya Fausta mwenyewe, jinsi anavyosema siku zote. Emelyne alipoujaribu kwa simu yake alicheka mpaka machozi.

"Dada, huyu ni wewe mtupu! Bado kukohoa tu."

Namba ya zamani ya duka, aliyoishika Fausta miaka yote kumi na mmoja, ikakabidhiwa kwa mfumo. Ukiipiga, simu inakatika, halafu unakuja ujumbe: "Niandikie, nitakujibu sasa hivi." Anayetaka kuongea kwa mdomo akapewa laini mpya. Aprili ilikuwa ya majaribio, haina malipo, kwa hiyo hakuna aliyehesabu kitu. Mei ndiyo ikahesabiwa.

Sasa ndiyo hiyo ankara.

Fausta alimpigia kijana wa Dar akiwa amesimama. Alitaka kuambiwa kwamba mashine imekosea.

"Haijakosea, dada. Mfumo hauchagui. Kila ujumbe wa mteja unaojibiwa ni swali."

"Hata shikamoo?"

"Hata shikamoo."

"Na marahaba?"

"Marahaba inatoka kwetu, hiyo hatutozi," akasema kijana, kama anayetoa sadaka. "Ila mteja akirudisha asante, hiyo ni nyingine."

Fausta alikata simu, akatoa orodha yote kwenye mashine ya kuchapa mpaka karatasi zikaisha. Ujumbe elfu kumi na moja, mia nane na sitini, kila mmoja hamsini, na kodi juu yake. Maswali yenyewe, ya taa na betri na waya, yalikuwa elfu moja na tisini tu, karibu sawasawa na hesabu yake ya mwezi wa tatu. Mengine yote yalikuwa salamu. Kulikuwa na mzee wa Karema, Amosi, aliyesalimia asubuhi, akaulizwa nyumbani, akaeleza nyumbani, akapewa pole ya ng'ombe, akashukuru kwa pole, akauliza na wao huko Mpanda mvua imeishaje. Ujumbe wa kumi na nne ndipo akasema taa haiwaki. Akajibiwa, taa ikawaka, akaandika "Amina", na Amina nayo hamsini.

Kosa lilikuwa la nani? Fausta alilijua. Mashine isiyo na adabu ingejibu ikanyamaza. Hii aliifundisha adabu yeye mwenyewe, na watu wa Katavi, wakishaulizwa habari za nyumbani, huwa wanazitoa zote. Pale alipokaa aliona aibu, na hofu juu yake, maana ankara hiyo ilikuwa mishahara miwili ya Emelyne, pungufu ya shilingi mia mbili na sitini.

Bwana Gaspar aliisoma ankara akiwa anakunywa chai. Kikombe kikabaki hewani.

"Salamu? Mimi nimelipia salamu?"

"Ndiyo, bosi."

"Fausta, wewe! Kwa akili zako zote hizi!" Aliweka kikombe, akakiinua tena, akakiweka. "Nipe namba ishirini zinazoongoza kwa porojo. Zifunge zote, zisijibiwe. Hizo habari za nyumbani zifute. Ijumaa uniletee hesabu mpya. Isipokuwa chini ya laki na nusu, unajua nani anaumia, na siyo mimi wala wewe."

Emelyne alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Alikwenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Jumanne asubuhi Fausta alizipanga namba, ya porojo nyingi juu, ya kidogo chini. Alijikaza kisabuni. Watu ishirini watanuna, alijiambia, lakini watu sita Katumba watakula. Orodha ikatokea. Ya kwanza ilizipita zote kwa mbali: ujumbe mia tisa na sita kwa mwezi mmoja. Mzee Amosi wa Karema, aliyeshika nafasi ya pili, hakufika hata mia tatu. Fausta akatabasamu, akataka kumjua huyo bingwa wa maneno.

Jina lilikuwa Dafrosa, wa Usevya. Mama yake mzazi.

Kwanza alidhani ni Dafrosa mwingine, maana wapo. Akasoma tarakimu za namba moja moja. Kisha akakumbuka ukuta wa jikoni kwao, pembeni ya mlango, chini ya taa ya sola iliyotoka dukani hapohapo, ambako miaka kumi na mmoja iliyopita mama yake aliandika kwa mkaa namba ya dukani, kubwa kama jina la kijiji. Simu ya Fausta mwenyewe iliibiwa, akabadilisha laini, akabadilisha tena, na mama yake hakuhangaika na hizo laini mpya. Ya ukutani ilimtosha. Na Fausta mwenyewe ndiye aliyemwambia: mama, hiyo ya dukani iko mkononi mwangu kutwa nzima.

Zamani mama huyu alikuwa anapiga kila siku, na kila siku Fausta anamjibu, "Mama niko na mteja, nitakupigia." Kupiga mara nyingine alipiga, mara nyingi alisahau. Tangu Aprili simu zile zilikoma. Fausta aliona, akasema moyoni: ni mavuno ya mpunga, hana nafasi. Tena alishukuru kidogo, Mungu amsamehe.

Akaufungua mlolongo wa ujumbe. Mama yake alifundisha watoto wa kipaimara kusoma kwa miaka mingi, na aliandika vizuri, na nukta zake mahali pake.

"Umeamkaje mwanangu? Nimekupigia imekatika."

"Nimeamka salama mama. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kwema. Leo nimefurahi umenijibu upesi. Kazini hakuna watu?"

"Karibu sana mama, nasi tupo kwa ajili yako. Naomba nikusaidie nini?"

"Hakuna, nilitaka kukusikia tu."

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Zilifuata kila asubuhi saa moja, kila mchana, kila jioni kabla ya rozari. Mama alieleza mpunga umetoa magunia mangapi, nani kaoa, paroko mpya ana sauti gani. Mashine ilimjibu kila mara, haraka, kwa maneno ya Fausta. Fausta alisoma mkono ukiwa mdomoni, mpaka akafika tarehe kumi na tisa ya Mei.

"Mwanangu, jana nimeanguka kisimani. Mguu umevimba, lakini sikutaka uwe na wasiwasi."

"Pole sana mama kwa usumbufu huo. Je, taa inawaka rangi gani?"

"Inawaka kijani. Asante kwa kuuliza. Wewe mtoto unakumbuka kila kitu."

Fausta aliinuka kitini, akakaa tena. Mama yake alianguka, na majuma mawili yamepita, na yeye hana hili wala lile. Aliyempa pole ni mashine, tena kwa shilingi hamsini. Machozi yalimtoka hapohapo mezani, mbele ya mteja aliyekuja kununua balbu, na hakuyafuta.

Alitoka nyuma ya duka, akapiga kwa simu yake mwenyewe.

"Nani mwenzangu?" mama yake akauliza.

"Mimi Fausta, mama. Shikamoo."

"Marahaba! Mbona namba ngeni? Na mbona tena, si tumeongea asubuhi?"

"Mama, mguu."

"Mguu umepona, nilikwambia Jumapili. Ukasema umefurahi kusikia hivyo." Kisha mama akashusha sauti kama anayetaka kusema jambo la siri. "Fausta, nitakwambia ukweli. Nilikuwa nimekukatia tamaa. Zamani kila nikikupigia una mteja. Siku hizi unanisikiliza. Hata kama ni usiku unanijibu. Namwambia Scola wa jirani, mwanangu amebadilika, namshukuru Mungu."

Fausta alikuwa amefungua mdomo kusema. Maneno alikuwa nayo: mama, siyo mimi, ni mashine. Yalifika kwenye meno yakagoma. Akauliza mpunga, akauliza kisima, akaahidi kwenda Usevya Jumapili ijayo, akakata simu.

Aliporudi mezani hakufunga namba hata moja. Alizichukua zile karatasi zilizochapwa, akamwita Emelyne, wakakaa nazo siku tatu. Safari hii hakuhesabu bei zilizotangazwa. Aliandika kila kitu kinachokula pesa, na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, akaandika mstari ambao haukuwamo kwenye karatasi ya mwezi wa tatu: Salamu. Chini yake akaandika mstari wa pili: Mtu wa kuandika majibu na kuyasahihisha. Mstari huo ulikuwa na gharama yake miaka kumi na mmoja yote, ila haukuwahi kulipwa, kwa hiyo hakuna aliyeuona.

Ndipo Emelyne, aliyekuwa anapanga yale maswali elfu moja na tisini kwa mafungu, akasema, "Dada, mbona majibu yanajirudia? Nimeshahesabu mara mbili. Ni thelathini na moja tu."

"Thelathini na moja vipi? Mimi nina mia tatu arobaini."

"Hayo mengine hakuna aliyeyauliza mwezi mzima. La mbuzi na waya liliulizwa mara moja, mwaka gani sijui."

Fausta akamkodolea macho. Thelathini na moja! Na Mfumo wa Bure, alioupiga mstari bila kuutazama mara mbili, ulitunza hamsini.

Ijumaa alimwekea Bwana Gaspar karatasi moja, kama alivyoagizwa. Mfumo wa Bure utatunza majibu yanayoulizwa, yeyote aliyepo dukani atayaona, hata Fausta akilala siku tisa. Yale ya nadra yatabaki kwenye kaunta buku, nakala mbili. Lakini mfumo huo haumjibu mteja. Lazima awepo mtu wa kusoma ujumbe na kujibu, na mtu huyo yupo, anajua lugha mbili, na anakula laki tatu na nusu, nusu ya ankara ya Mei.

Gaspar aliisoma kwa muda mrefu. "Kwa hiyo nilitaka kumfukuza huyu binti ili nilipe mashine isalimie watu?"

"Ndivyo ilivyotaka kuwa, bosi. Na mimi ndiye niliyekuletea."

Mkataba wa Emelyne ukasainiwa siku hiyohiyo, mwaka mzima. Ankara ililipwa, na Gaspar hajaacha kuitaja mpaka leo, hasa mbele ya wageni. Emelyne alilia, akacheka, akaomba ruhusa ya kupiga simu Katumba. Namba ya zamani ikatolewa kwenye mashine, ikarudi mkononi mwa Fausta.

Jumatatu iliyofuata, saa moja asubuhi, ujumbe ukaingia. "Umeamkaje mwanangu?"

Fausta aliuona. Alikuwa na fundi wa Inyonga kwenye simu nyingine, na mezani amesimama mwanamke na betri iliyovimba. Alijiambia, dakika moja tu. Alipomaliza na fundi, akaandikisha betri, akatafuta stakabadhi, dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwisha. Akaandika haraka, "Salama mama, wewe je?" akarudi kwa mteja.

Simu ikalia tena kabla hajashika kalamu.

"Leo umechelewa. Na hujaniuliza habari za nyumbani, wala taa. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Fausta aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama. Kisha akamwomba radhi mwenye betri, akamwita Emelyne aje kukaa mezani, akatoka nje na simu.